Shujaa Asiyesema: RPG Ipi ya Kijapani Ununue, na Ipi Uiache Dukani

Mwezi uliopita nilinunua CD ya mtumba ya Dragon Quest XI, RPG ya Kijapani (gemu la hadithi ndefu ambalo wewe unakuwa shujaa wake), kwa ajili ya mashine ya PS4. Nilimwambia muuzaji waziwazi kwamba nataka toleo la S, lile linalokuruhusu kucheza hadithi nzima kwa picha bapa za pikseli, kama magemu ya miaka ya tisini. Akaapa ndilo hilo. Nilicheza saa 30 nikiitafuta hiyo hali ya bapa kila kanisani nilipohifadhi mchezo, hadi nikalitazama jalada vizuri: herufi S haipo. Nimeuziwa toleo la 2018. Na ulichohifadhi kwenye toleo hilo hakihamii kwenye S. Ukitaka kubadilisha, unaanza upya.

Kwa nini nilizitaka picha bapa kiasi hicho? Kwa sababu ya uso wa shujaa. Wengi wanaopanga magemu haya kwa ubora huangalia urefu wa hadithi, mapigano na ung'avu wa picha. Hayo utayasoma kokote. Mimi naangalia jambo moja: msiba unapomkuta shujaa asiyesema, mwili wake unafanya nini?

Yuji Horii alipotengeneza Dragon Quest ya kwanza mwaka 1986, alimnyima shujaa maneno ili mchezaji mwenyewe awe ndiye shujaa. Kwenye Famicom, mashine ya Nintendo ya enzi hizo, jambo hilo lilikaa vizuri. Shujaa alikuwa kimtu kidogo cha vidoti, hana uso wa kusomeka, hivyo huzuni na hasira ulivileta wewe uliyeshika padi. Leo shujaa ana kope, kamera inamkaribia puani, wenzake wote wana sauti za waigizaji, naye anakodoa macho tu. Katika Dragon Quest XI kijiji kilichomlea kinateketezwa, na uso wake karibu haubadiliki. Palepale unaacha kuwa yeye. Unabaki mtazamaji wa mtu asiyejali.

Namba moja kwangu ni Dragon Quest V, ya 1992. Mimi ni mtu wa Dragon Quest tangu zamani na sitaficha hilo, lakini hapa sina haja ya kuipendelea. Shujaa ana miaka sita anapomwona baba yake Pankraz akiuawa: baba anazuia mikono yake asipigane, kwa sababu maisha ya mtoto yameshikwa rehani. Kisha mtoto anatumikishwa utumwani miaka kumi. Baadaye anakuja kuchagua mke, Bianca au Nera, na usiku wa kuamkia uamuzi unazunguka mji mzima ukizungumza na watu bila mtu yeyote kukuambia jibu sahihi, maana halipo. (Toleo la Nintendo DS liliongeza mwanamke wa tatu, Debora. Kaa na wawili wa mwanzo.)

Halafu inakuja sehemu ambayo sijaona gemu jingine likiithubutu. Shujaa anageuzwa jiwe. Anauzwa kama sanamu na kusimamishwa kwenye bustani ya familia moja iliyojaliwa mtoto. Misimu inapita, mtoto anakua, siku moja anatekwa, na baba wa mtoto, kwa uchungu, anaigeukia sanamu na kuipiga. Wewe umeshika simu mkononi na huna cha kubonyeza. Horii amekichukua kile kimya ambacho kwingine ni desturi tu, akakifanya kiwe adhabu yenyewe. Miaka minane hiyo inaisha watoto wake mwenyewe wanapomfikia.

Nunua ya simu, Android au iPhone. Unalipa mara moja, hakuna matangazo, inachezwa simu ikiwa wima kwa mkono mmoja, na huhitaji kununua mashine yoyote.

Namba mbili, Persona 5 Royal. Hapa uso unaonekana kwa karibu, lakini Atlus, watengenezaji wake, wameupa mwili kazi. Joker, ndiye shujaa, anatembea mikono mfukoni, anasokota nywele za kwenye paji la uso, na akivaa kinyago anakuwa mtu mwingine kabisa. Mara nyingi unapewa majibu matatu, na ukiwa na marafiki jibu lako huongeza au kudumaza ukaribu wenu. Hadithi yenyewe imejengwa juu ya mahojiano: Joker amekamatwa, na mwendesha mashtaka Sae Niijima anamdai aeleze kila kitu. Tahadhari kwa mwenye PS5: ukiwa na toleo la PS4, hulipandishi bure kuwa la PS5, na ulichohifadhi hakihami.

Namba tatu ni Dragon Quest XI S, kwa sharti moja: uicheze kwa picha bapa. Hadithi ni ileile, lakini ule uso uliokufa ganzi haupo tena, na muziki wa Koichi Sugiyama unapigwa na okestra, kitu ambacho toleo la 2018 halikuwa nacho.

Za bei nafuu: Chrono Trigger ya 1995 inatosha. Crono, shujaa wake, anafikishwa mahakamani, na mashahidi wanaeleza ulichofanya kwenye sherehe, hadi chakula cha mzee ulichokila bila ruhusa. Pokémon Sun na Moon ziache. Shujaa wake, mtoto, anatabasamu vilevile hata dunia ikipasuka.

Persona 3 Reload ningeipa nafasi ya juu kama si bei. Mwaka 2024 iliuzwa dola 69.99, na sura ya mwisho, Episode Aigis, ikauzwa kando ndani ya kifurushi cha dola 34.99. Yaani zaidi ya dola 100 kumaliza hadithi moja, tena shujaa wa kike aliyekuwepo kwenye toleo la PSP (mashine ya mkononi) tangu 2009 ameachwa nje. Piga hesabu ya shilingi uone ni kodi ya chumba ya muda gani. Ndiyo maana watu wanakimbilia CD za mtumba, na huko ndiko wauzaji wanakotukamata, kwa kujua kwamba dada aliyeingia peke yake kuulizia gemu hatajibizana nao mbele ya wateja.

Jibizana nao. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiweke CD kwenye mashine yake na aanzishe mchezo mpya. Dragon Quest XI S itakuuliza unataka 3D au 2D. Isipouliza, mrudishie CD yake.