TAHADHARI: Muuzaji wa sigaa "za mwaka 1996" anayeuza uchafu wa tumbaku kwa jina la uzee

Ndugu zangu wapenzi wa sigaa,

Kuna mtu anazunguka mitandaoni na picha za kasha la Montecristo No. 1, chapa maarufu ya sigaa za Kuba, sigaa 25, akidai zilisokotwa Kuba mwaka 1996 na kwamba zilikuwa za balozi mmoja mstaafu aliyezitunza kama yai. Nimezinunua. Nimezivuta. Si za 1996, si Montecristo, na kwa nilichokikuta ndani yake sina sababu ya kuamini kwamba ziliwahi hata kupita Kuba. Naandika ili mwingine asiumie kama mimi, na pia kwa sababu mbinu ya huyu bwana ni mbaya kuliko ya matapeli niliowazoea. Wale huuza sigaa bandia, basi. Huyu anauza umri, na umri huo huo ndio anaoutumia kuzima kila swali utakalomuuliza.

Kasha hili sikulinunua kwa ajili yangu. Mzee aliyenifundisha kuonja sigaa alikuwa anastaafu. Kwa miaka mingi amekuwa akinisimulia juu ya sigaa moja ya Kuba aliyowahi kupewa, iliyokuwa imelala zaidi ya miaka ishirini, na kila akiisimulia hushusha sauti. Niliweka nia kwamba siku akistaafu, tutakaa tuvute ya namna ile pamoja. Muuzaji nilimweleza haya yote. Ndilo kosa langu la kwanza, maana tangu hapo alijua kabisa ashike wapi.

"Bosi wangu, kuna wateja wawili wanaisubiri, lakini hii naona imeandikiwa mzee wako." Nilimwomba picha ya chini ya kasha. Akasema ameshalifunga kwa ajili ya safari, akilifungua ataharibu unyevu wake. Nikaliamini neno hilo kwa sababu lilisikika kama la mtu anayejua kazi. Akataka malipo yote mwanzo, kwa njia ambayo pesa ikishatoka hairudi. Nikalipa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi kibaya kilinitembelea hadi kwenye simu.

Sasa nieleze jinsi sigaa kuukuu ya kweli inavyokuwa mdomoni, kwa kuwa ulimi ndio uliomkamata huyu tapeli kabla ya karatasi yoyote.

Tumbaku ya sigaa haifi ikishasokotwa. Inaendelea kuchachuka polepole ndani ya kasha lake la mbao za mwerezi, ikitunzwa kwenye unyevu wa karibu asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 20 hivi. Miezi ya mwanzo hutoa amonia, ile harufu kali inayochoma pua, na ndiyo sababu wengi hawapendi kuvuta sigaa mbichi. Miaka inavyopita amonia huisha, ukakasi hupungua, na nguvu yenyewe hulegea. Kinachobaki ni kitu laini sana. Ukiinusa kabla ya kuiwasha unapata mbao kavu, nyasi iliyokauka, labda ngozi ya kiti cha zamani. Ukikata kofia yake, yaani kipande cha jani kinachoziba kichwa, na kuvuta hewa bila moto, kuna utamu wa mbali kama wa kakao isiyotiwa sukari. Ukiiwasha haikurukii. Unavuta mara moja kwa dakika, au pungufu ya hapo, maana ukiikimbiza inapata moto kupita kiasi na kuwa chungu hata kama ni bora namna gani. Moshi unaushika mdomoni, humezi, unauachia. Ladha haiji yote kwa pamoja: theluthi ya kwanza ina mbao, ya pili inaingiza kahawa na viungo, ya mwisho inakolea. Na baada ya moshi kutoka, ladha inabaki kwenye ulimi kwa utulivu, bila kuuchoma. Utulivu huo ndio mtu anaoulipia anaponunua umri. Hakuna njia ya mkato ya kuutengeneza.

Nilipofungua kifurushi, amonia ilinipiga usoni. Sigaa inayodaiwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini, inanuka kama iliyotoka mezani juzi! Nilijua hapo hapo kwamba kuna jambo, ila moyo ulikataa. Nikajiambia labda ni safari, labda ni kifungashio. Nikazipumzisha majuma mawili, kisha nikampelekea mzee.

Mzee akavuta mara tatu. Akaiweka kwenye kibia cha majivu, taratibu kabisa, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Akaniuliza, "Hii umeinunua wapi, mwanangu?" Sikujibu. Yangu ilikuwa inaungua upande mmoja, upande wa pili umebaki mbichi, jivu linadondoka vipande vipande kwenye suruali, na ulimi unawaka kama nimelamba betri. Hakuna theluthi ya kwanza wala ya pili. Uchungu ule ule, mwanzo hadi mwisho.

Kisha akafanya kitu ambacho mimi nilipaswa kukifanya kabla ya kutoa hata senti. Akaligeuza kasha na kutazama chini yake.

Kasha la kweli la Kuba la miaka ile limechomwa chapa ya moto chini: Hecho en Cuba, yaani limetengenezwa Kuba, na maneno Totalmente a mano, yaani kwa mkono kabisa, yaliyoanza kutumika 1989 kutofautisha sigaa zilizosokotwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipitisha kidole unahisi mbao imezama. Kwenye kasha langu maneno yalikuwa yamechapishwa kwa wino, kidole kinateleza tu.

Pembeni yake kulikuwa na muhuri wa tarehe: NOV 96. Mzee akatikisa kichwa. Kumbe Kuba haikuandika tarehe waziwazi wakati huo. Kuanzia 1985 hadi karibu mwisho wa miaka ya tisini walitumia neno la siri, NIVELACUSO, lenye herufi kumi: N ni 1, I ni 2, V ni 3, E ni 4, L ni 5, A ni 6, C ni 7, U ni 8, S ni 9, na O ni 0. Mwezi hutangulia, mwaka hufuata. Kwa hiyo kasha la Novemba 1996 lingegongwa NNSA. Mwezi na mwaka unaosomeka na kila mtu, kama NOV au DIC (Desemba kwa Kihispania) na tarakimu mbili, ulianza 2000. Yaani aliyeghushi alinakili muhuri wa kasha la kisasa, akabadilisha mwaka, akaamini hakuna atakayejua.

Na kulikuwa na la tatu. Ile karatasi ya kijani ya dhamana ya serikali ya Kuba, inayobandikwa ubavuni mwa kasha, kwenye kasha langu ina hologramu na msimbo wa mistari. Toleo hilo lilianza kutumika zaidi ya miaka kumi baada ya 1996. Balozi gani huyo aliyebandikiwa karatasi ambayo haijachapishwa?

Nilimwandikia muuzaji usiku huo. Majibu yake nayaweka hapa kwa sababu atakupa hayo hayo. Amonia? "Ndiyo nguvu ya Kuba ya zamani, bosi." Kuungua upande mmoja? "Zimezeeka, zinahitaji kubembelezwa." Madoa meupe yenye nywele nywele kwenye mguu wa sigaa, pale unapowashia? "Hilo ni ua, bosi wangu, ndiyo alama ya uzee, wenzako wanalilipia zaidi."

Hapo kwenye ua naomba tukae kidogo. Kuna imani ya siku nyingi kwamba sigaa iliyotunzwa vizuri hutoa mafuta yanayoganda juu ya jani kama vumbi jeupe. Matapeli wanaipenda imani hii kuliko kitu chochote. Mimi msimamo wangu sasa ni kwamba doa jeupe ni ukungu hadi lithibitishwe vinginevyo. Likisimama kama manyoya, likikaa kwa mabaka, likinuka unyevu wa chumba kilichofungwa, na hasa likiwa limeingia mguuni kwenye majani ya ndani, usiivute sigaa hiyo na wala usiiweke pamoja na nyingine. Usimruhusu mtu yeyote akuuzie ugonjwa kwa jina la heshima.

Kesho yake nilichukua wembe nikaipasua moja kwa urefu. Sigaa ya Kuba ya daraja hili hujazwa majani marefu yanayotoka mguuni hadi kichwani: volado la kusaidia kuungua, seco la harufu, ligero la nguvu, yote yamekunjwa na jani la kufungia, kisha yakavikwa jani la nje, lile laini kuliko yote. Msokotaji huyapanga ili hewa ipite kati yake, na mpangilio huo huchangia ladha kubadilika sigaa inapoungua. Ndani ya yangu kulikuwa na chengachenga, vipande vya vijiti vya tumbaku, na kipande cha uzi. Mabaki ya kufagia chini ya meza, yamefunikwa jani moja zuri. Sasa nilielewa kwa nini hapakuwa na theluthi yoyote.

Baada ya hapo kila kitu kilionekana, hata nilivyovipita kwa macho. Ndani ya kasha la kweli kuna mtu kazi yake ni kupanga rangi, na sigaa zote 25 hufanana sana, zikianza na iliyokoza kidogo kushoto hadi iliyofifia kulia. Zangu zilikuwa na rangi za kila namna, na pete, yaani karatasi zenye jina zinazozunguka sigaa, zimebandikwa moja juu, nyingine chini. Kichwa cha sigaa ya Kuba iliyonyooka hufunikwa kofia kwa uangalifu, na mara nyingi unaiona mizunguko mitatu ya jani. Kichwa cha zangu kilikuwa kipande kimoja kilichobandikwa kama kiraka, kikafumuka nilipokata.

Nisiwe mwonevu, lakini. Sigaa inayovutika kwa shida si ushahidi wa ughushi. Mkono wa binadamu hukosea, na kuna makasha halali kabisa kutoka Kuba ambayo hewa haipiti. Mishipa kwenye jani, doa dogo la kijani, pete iliyolegea kwa sababu tumbaku imekauka kidogo: hivyo vyote hutokea. Hata tundu la mdudu wa tumbaku si kosa la muuzaji moja kwa moja, maana mayai yake huweza kulala ndani ya jani na kuanguliwa joto likipanda. Kwa hiyo usikimbilie kumwita mtu tapeli kwa sigaa moja iliyoziba. Tarehe isiyowezekana, karatasi iliyozaliwa baada ya kasha, na majani ya kufagia, hivyo havina maelezo mengine.

Ukitaka kununua kasha kuukuu, omba picha ya chini yake, ya karatasi ya dhamana, na ya sigaa zikiwa zimefunuliwa zote, pembeni kukiwa na kijikaratasi chenye tarehe ya siku hiyo kwa mwandiko. Mwenye mali halisi hukupa kwa dakika chache, na mara nyingi anafurahi kuulizwa, kwa sababu watu wa sigaa hupenda kuonyesha. Uliza zilitunzwa wapi na kwa unyevu gani. Akikuambia zilikaa "kabatini tu" miaka ishirini, basi hata kama ni halali zimeshakufa. Omba kununua moja kabla ya kasha. Kataa kulipa yote mwanzo kwa njia isiyorudisha pesa. Na Cohiba au nyingine yoyote ya Kuba ikija kwenye kasha lenye mfuniko wa kioo, usiendelee hata na mazungumzo: Kuba haitengenezi makasha hayo.

Mimi yule muuzaji alinizuia kwenye simu siku ya tatu. Pesa sijarudishiwa, na sitarajii. Mzee hajalaumu; aliniambia tu nisizitupe zile zilizobaki, nizipasue mbele ya vijana wanaoanza ili waone ndani. Nimeshapasua sita.

Juzi nimeona tangazo jipya, jina tofauti la muuzaji. Picha ni ile ile niliyotumiwa mimi: ufa mwembamba kwenye kona ya chini kushoto ya mfuniko, na kitambaa cha bluu kimetandikwa chini yake. Balozi amekuwa daktari wa meli, na sigaa sasa ni za 1988. Ila kwenye kona ya juu kulia ya mfuniko, ile stika ya mshazari yenye neno Habanos, jina linalotumika kwa sigaa za Kuba, ipo pale pale, na stika hiyo ilianza kubandikwa 1994. Ukiuona ufa huo na kitambaa hicho, usilipe, na mwonyeshe mwenzako.