EVerest: uzoefu wangu na programu huria ya kuendesha chaja za magari ya umeme

Naanza na uamuzi wangu, maana najua wengi husoma aya ya kwanza wakaondoka. Kama kazi yako ni kuunda chaja za magari ya umeme, EVerest itakupunguzia mzigo mkubwa ambao ungeubeba peke yako. Kama una gari moja na unachotaka ni kulichaji nyumbani, achana nayo. Tazama OpenEVSE (chaja huria ya nyumbani), au evcc (programu ya kuchaji gari kwa umeme wa sola) ikiwa una paneli za sola. Hutalazimika kujua CMake, zana ya kujengea programu kutoka kwenye msimbo, ni mnyama gani.

Ndani ya chaja ya kisasa huwa kuna kikompyuta kinachoendesha mfumo wa Linux, na EVerest ndiyo inayokaa humo. Inaongea na gari upande mmoja, inaongea na seva ya msimamizi upande mwingine, na katikati inaamua umeme utoke kiasi gani. Mradi ulianzishwa na PIONIX, kampuni ya Ujerumani, na sasa uko chini ya LF Energy, tawi la nishati la Linux Foundation. Leseni ni Apache 2.0: unaitia kwenye bidhaa yako, unauza, na hudaiwi malipo. Nilikuwa nimechoka na chaja za mtengenezaji mmoja (simtaji) ambaye hata kubadilisha anwani ya seva ilibidi umwandikie barua pepe na kusubiri huruma yake.

Kilichonivutia kwanza ni jinsi ilivyogawanywa. Kila kazi ni moduli, yaani kipande cha programu kinachojitegemea, na moduli hizo zinapeana habari kwa MQTT, itifaki nyepesi ya kutumiana ujumbe. EvseManager inasimamia tundu moja la kuchajia, Auth inaamua nani aruhusiwe, EnergyManager inagawa umeme, OCPP, yenye jina la itifaki ya mazungumzo kati ya chaja na seva, inashughulika na seva. Faili moja la mipangilio, la maandishi ya mtindo wa YAML, ndilo linalosema nani anaungana na nani. Nilipotoka kwenye majaribio ya kompyuta na kwenda kwenye bodi halisi, nilichobadilisha ni sehemu ya dereva wa bodi tu. Moduli nyingine hata hazikujua kwamba chini yao sasa kuna kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya kweli inayolia "tak".

Lakini utamu wenyewe ni gari la kuigiza. Unawasha mfumo wote kwenye kompyuta yako, unafungua kwenye kivinjari ukurasa wa vitufe uliotengenezwa kwa Node-RED, unachagua aina ya gari, unabonyeza kuchomeka kebo, na hapo unakaa kusoma taarifa za matukio (logi) zinavyotiririka. Unaona hali ikihama kutoka A kwenda B, kisha C. Hizo ni hali za IEC 61851, kiwango cha kimataifa cha kuchaji magari ya umeme: waya wa mawasiliano unakuwa na volti 12 kukiwa hakuna gari, volti 9 gari likichomekwa, volti 6 gari likisema liko tayari kupokea. Chaja nayo inajibu kwa mapigo ya kilohezi 1, na upana wa pigo ndio unaoliambia gari mwisho wake ni ampea ngapi. Asilimia 10 ni ampea 6, asilimia 50 ni ampea 30. Asilimia 5 ina maana yake ya pekee: gari linaambiwa kwamba mazungumzo haya yatafanyika kidijitali, kwa ISO 15118 au DIN 70121, viwango vya mazungumzo kati ya gari na chaja. Haya nilikuwa nimeyasoma kwenye makaratasi, lakini kuyaona yakibadilika mbele yangu bila gari wala nyaya za umeme mkubwa ni jambo jingine kabisa.

Nikaongeza tundu la pili na kuweka kikomo cha fyuzi cha ampea 20 kwenye EnergyNode, moduli inayowakilisha laini ya umeme na kikomo chake. Gari la kwanza lilikuwa linakula peke yake. La pili lilipochomekwa, mgawo wa la kwanza ukashuka, yote mawili yakagawana. Kwa mtu anayepanga kufunga chaja kadhaa kwenye laini moja isiyoongezeka, hapo ndipo pesa inapookolewa. Kumbuka tu kwamba kiwango cha IEC 61851 hakiruhusu kulitangazia gari chini ya ampea 6, kwa hiyo magari yakizidi lazima mengine yasubiri zamu.

Upande wa seva, OCPP 1.6 niliijaribu na SteVe, seva huria iliyozaliwa RWTH Aachen, chuo kikuu cha Ujerumani, na zikaelewana bila maneno mengi. OCPP 2.0.1 ina uzito wake. Kila kitu ndani ya chaja kinaelezwa kama kijenzi chenye vigezo vyake, na kuna hifadhidata ya kuyabeba yote hayo. Kama seva yako bado ni ya 1.6, usijitafutie makuu mapema.

Sasa karaha. Kuijenga kutoka kwenye msimbo kunakula kumbukumbu (RAM) ya kompyuta kwelikweli. Sehemu kubwa ni C++, na mashine dhaifu itakuacha ukitazama skrini iliyoganda. Nyaraka zipo, ila zinadhani tayari unajua nusu ya mambo, kwa hiyo mara nyingi jibu nililipata kwa kusoma faili za mfano za mipangilio. Vyeti vya usalama vya ISO 15118, vile vinavyoliwezesha gari kujitambulisha lenyewe bila kadi, vinahitaji mtu mwenye subira na anayejua vizuri mambo ya vyeti.

Na kuna jambo ambalo EVerest haikufanyii, wala haipaswi kukufanyia: ulinzi wa uhai. Kifaa cha kukata umeme unapovuja na uangalizi wa kontakta iliyoganda vibaki kwenye bodi, vifanye kazi hata Linux ikizimia. Nimeona watu wakiuliza kama wanaweza kuandika moduli ya kazi hiyo. Wasiiandike.

Mimi nimebaki kwenye matoleo rasmi, yale yenye mwaka kwenye namba yake, wala sifuati tawi kuu la msimbo, kwa sababu majina ya vigezo hubadilika. Kabla ya kupandisha toleo nalinganisha faili langu la YAML na la mfano, kisha nalipitisha kwenye gari la kuigiza kabla halijagusa chaja yoyote.