Chanjo Kuletewa Kazini: Sindano Safi, Orodha Mbovu

Huduma yenyewe inajulikana. Timu ya wachanjaji inafika ofisini, kiwandani au hospitalini na maboksi baridi, meza mbili tatu na kompyuta mpakato. Inachanja siku moja au mbili, inafungasha, inaondoka. Mwajiri anabaki na ripoti ya idadi ya waliochanjwa na, kutegemea mkataba, majina yao. Huduma hii ilishamiri wakati wa UVIKO-19, na kila chanjo mpya inapotoka inarudi.

Sindano ikishafika begani, kwa kawaida kazi inafanyika vizuri: wachanjaji wana mikono myepesi, vifaa ni safi, foleni inakwenda. Mambo huharibika kabla ya hapo, kwenye orodha ya nani aitwe kwanza, na baada ya hapo, kwenye barua ya sharti la kuchanjwa anayopelekewa ambaye hakujitokeza. Watoa huduma wengi hawapendi kugusa sehemu hizo mbili, na ndizo zinazoamua kama fedha ya mwajiri imeliwa bure.

Tuanze na orodha. Mtoa huduma wa kawaida humwambia mwajiri, "Tuletee majina." Mwajiri anafungua faili la mishahara, analipanga kwa vyeo au kwa alfabeti, analituma. Sasa faili la mishahara halina mfagizi aliyeletwa na kampuni nyingine, halina mlinzi, halina mpishi wa kantini wala kibarua wa siku. Hao ndio wanaoingia kila chumba na kushika kila kitasa. Mtoa huduma anayejua kazi yake haombi majina ya walioajiriwa. Anaomba majina ya wanaoingia mlangoni.

Hata hivyo kuna swali linalotangulia majina: huu ni ugonjwa gani, na chanjo yake inazuia nini? "Wazee kwanza" si kanuni ya kila mahali. Kwa Ebola, dozi hufuata mgonjwa: wanachanjwa waliomgusa, kisha waliowagusa hao, pamoja na wahudumu wa afya, umri hauulizwi kwanza. Mwaka 2009, chanjo ya mafua ya H1N1 ilipotoka Marekani, mstari wa mbele walikuwa wajawazito, wahudumu wa afya, walezi wa watoto wachanga, na watoto na vijana hadi miaka 24, kwa kuwa wazee wengi walikuwa na kinga kiasi tangu zamani. UVIKO-19 ukageuza foleni hiyo juu chini, maana uliua zaidi kadiri umri ulivyopanda. Mtoa huduma anayekuja na fomu ileile kwa kila chanjo anauza fomu.

Kwa UVIKO-19 tuna mifano miwili mikubwa ya kupimia. Uingereza ilianza tarehe 8 Desemba 2020 ikiwa na makundi 9: wakazi wa nyumba za kulea wazee na wanaowahudumia, kisha wenye miaka 80 na kuendelea pamoja na wahudumu wa afya wa mstari wa mbele, kisha 75, 70, na kuteremka hivyo hadi 50, huku wenye maradhi ya hatari wakipachikwa katikati. Makundi hayo yalipokaribia kwisha, shinikizo lilikuwa kubwa: walimu waingizwe, polisi waingizwe. Tarehe 26 Februari 2021 kamati ya wataalamu ilijibu kwamba umri uendelee kutumika, kwa sababu kuchambua kazi za watu kungepunguza kasi. Marekani ilichukua njia nyingine. Baada ya wahudumu wa afya na wakazi wa nyumba za wazee, kundi lililofuata lilichanganya wenye miaka 75 na zaidi na "wafanyakazi muhimu wa mstari wa mbele", na baada yao likaja kundi lililojumuisha wafanyakazi muhimu wengine. Hapo mlango ukafunguka kwa kila chama na kila sekta kueleza kwa nini kazi yao ni muhimu, na majimbo yakajipangia kila moja lake.

Kwa haki ya karatasini, mfumo wa Marekani unavutia zaidi: dereva wa basi wa miaka 45 anakutana na watu wengi kuliko mstaafu anayeshinda nyumbani. Ila foleni huendeshwa na karani mlangoni, na karani anasoma mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho kwa sekunde mbili. "Kazi muhimu" inahitaji barua, muhuri na mabishano. Kwa chanjo ya watu wote, kigezo kinachosomeka kwa jicho moja kinashinda kigezo kizuri kisichothibitika. Kazini hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa mwajiri tayari anajua nani anakaa wapi, na hapo ndipo kigezo cha kazi kinapofaa kutumika.

Kutumika vizuri, lakini. Desemba 2020 hospitali ya Stanford huko California ilikuwa na dozi 5,000 za kwanza na ikatumia hesabu ya kompyuta kupanga nani aanze. Kati ya madaktari zaidi ya 1,300 walio mafunzoni, wale wanaolala wodini na wagonjwa, waliopata nafasi kwenye awamu hiyo ni 7 tu. Sababu zilikuwa mbili, na zote ndogo ukizitazama moja moja: ni vijana, kwa hiyo alama za umri ziliwapita, na huzunguka idara mbalimbali, kwa hiyo kwenye mfumo hawakuwa na kituo maalumu cha kazi, na alama za kituo nazo zikawapita. Waliandamana, uongozi ukaomba radhi. Kompyuta ilisingiziwa, ilhali kanuni zilipangwa na watu. Chumba kile kingekuwa na mtu mmoja wa kusema "hebu tafuta jina la daktari wa zamu ya usiku", tatizo lingeonekana kabla ya kichupa cha kwanza kufunguliwa.

Hilo ndilo jaribio la kumdai mtoa huduma. Orodha ikishatoka, achague watu watano ambao kila mtu anajua wako hatarini: muuguzi wa zamu ya usiku, anayefua mashuka ya wagonjwa, dereva wa gari la wagonjwa, mpokea wageni, mfagizi wa maabara. Awatafute. Wakiwa chini ya jina la mkurugenzi wa fedha, orodha irudi mezani. Safu za jedwali zisizidi nne: jina, kituo halisi cha kazi kwa wiki hiyo, saa za kukaa ana kwa ana na wagonjwa au umma, na rika kwa miaka kumi kumi. Maradhi ya mtu yasiandikwe humo. Mwenye kisukari au mjamzito apewe njia ya kumwambia mchanjaji mwenyewe, naye ampandishe ngazi bila kueleza sababu kwa yeyote.

Na zamu nzima isichanjwe siku moja. Homa, uchovu na maumivu ya mwili vinaweza kuja kesho yake, kwa baadhi ya chanjo hasa baada ya dozi ya pili. Gawa kitengo mafungu matatu, achia siku mbili kati ya fungu na fungu. Mtoa huduma atalalamika kwamba safari zimeongezeka, na kweli zimeongezeka, ila wodi isiyo na muuguzi ni gharama kubwa kuliko safari.

Upande wa dozi, huduma hii inastahili sifa, mradi hesabu ifanywe kabla. Vichupa vingi ni vya watu kadhaa. Chukua AstraZeneca ya UVIKO-19, iliyokuwa na dozi 10 kwa kichupa, za kutumika ndani ya saa 6 baada ya kufunguliwa. Watu 45 walihitaji vichupa 5, na cha mwisho kilibaki na dozi 5 zisizo na mwenyewe. Kichupa cha kwanza cha Pfizer, chenye kifuniko cha zambarau, kilikuwa na ujanja zaidi: kilichanganywa na mililita 1.8 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kikageuzwa taratibu mara 10 bila kutikiswa, dozi ilikuwa mililita 0.3, na dozi ya sita ilipatikana tu kwa bomba la sindano lisiloacha dawa nyingi shingoni. Aliyeleta mabomba ya kawaida alipata tano, na hairuhusiwi kukusanya masalia ya vichupa viwili kutengeneza dozi moja. Timu isiyoandika saa ya kufungua kwenye kila kichupa, kwa kalamu, imeshindwa, hata kama imevaa vizuri.

Dozi zinazobaki zinahitaji orodha ya akiba: watu wanaoweza kufika ndani ya dakika kumi, wakifuata mpangilio uleule wa hatari, wakiwa na simu zinazopokelewa. Isipokuwepo, saa kumi jioni dozi hizo zinaishia kwa mpwa wa bosi. Si wachanjaji wa kulaumiwa peke yao hapo. Dozi ikitupwa nalo ni kosa.

Ubaridi nao una mtego mmoja ambao wengi hawautarajii. Watu huogopa joto, kumbe chanjo nyingi za jokofuni, ikiwemo ya homa ya ini B, huharibika zikiganda. Pakiti ya barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza ikigusa kichupa ndani ya boksi inakiua. Mwangalie mpangaji wa boksi asubuhi: anapaswa kuziacha pakiti nje kwanza, kisha kuitikisa moja sikioni. Akisikia maji yakicheza ndani, ziko tayari. Asipotikisa, muulize. Kipimajoto kisome kati ya nyuzi 2 na 8 muda wote.

Baada ya sindano, mtu akae dakika 15. Aliyewahi kupata mzio mkali akae 30. Hapa watoa huduma hubana nafasi. Hesabu ni nyepesi: wachanjaji watatu, kila mmoja akichanja watu 12 kwa saa, wanatoa watu 36, yaani 9 kwa kila robo saa. Viti 9 ni vya lazima, ongeza 4 vya wanaokaa nusu saa na cha msimamizi. Ukiona viti sita, watu watasimama ukutani, na anayezimia akiwa amesimama hupasuka kichwa. Kuzimia ni jambo la kawaida, hasa kwa vijana, na mara nyingi ni woga: mlaze, inua miguu. Mzio mkali ni nadra, lakini hausubiri gari. Adrenalini iwe mezani, si kwenye begi lililofungwa. Kwa mtu mzima ni miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja. Soma tarehe ya mwisho kwenye kichupa chake kabla ya mtu wa kwanza kukaa.

Sasa sharti. Baadhi ya watoa huduma huuza pia "mfumo wa utekelezaji": barua za onyo zilizokwisha kuandikwa, kadi za rangi, ripoti ya wasiochanja kila Ijumaa. Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na mwajiri anaweza kuiacha bila kupoteza kitu.

Linganisha na kanuni ya Marekani ya mwaka 1991 kuhusu damu na homa ya ini B. Mwajiri analazimika kutoa chanjo bure ndani ya siku 10 za kazi tangu mtu apangiwe kazi inayomkutanisha na damu. Mfanyakazi anaweza kukataa, akisaini fomu, na akibadili mawazo baadaye bado anachanjwa bure. Mzigo uko kwa mwajiri. Mifumo mingi inayouzwa leo inauhamishia kwa mfanyakazi.

Sharti kali hufanya kazi mahali fulani. Houston Methodist, hospitali ya Texas yenye wafanyakazi takribani 26,000, iliweka tarehe ya mwisho Juni 2021. Walioacha au kufukuzwa walikuwa 153. Hiyo ni hospitali, ambako mgonjwa hawezi kumchagua anayemgusa. Marekani ilipojaribu kulitandaza kwa kila mwajiri wa watu 100 na zaidi, chanjo au kipimo kila wiki, Mahakama ya Juu ililizuia tarehe 13 Januari 2022, na siku hiyohiyo ikaliacha lile la vituo vya afya. Tofauti ilikuwa kwenye kazi yenyewe. England nayo ililazimisha chanjo kwa wahudumu wa nyumba za wazee kuanzia Novemba 2021, kisha ikalifuta sharti hilo Machi 2022, baada ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, kubadili hesabu: chanjo iliendelea kukinga dhidi ya ugonjwa mkali, lakini kuzuia maambukizi kulipungua. Waliofukuzwa walikuwa wameshaondoka.

Kwa hiyo barua yoyote ya sharti isiyosema itapitiwa upya lini isisainiwe. Iseme pia dozi ngapi zinahesabika, maana dozi ya nyongeza ikija aliyekuwa "amekamilisha" jana anageuka mkosaji leo. Iseme nani anaamua maombi ya msamaha wa kiafya, ndani ya siku ngapi, na mwombaji anafanya kazi wapi akisubiri. Na kabla yake, chanjo iwe imeletwa walau mara mbili ndani ya saa za kazi, zamu ya usiku ikiwemo, na siku ya kuumwa baada ya sindano ilipwe. Ukifanya hayo, wengi wa waliodhaniwa wabishi hugeuka kuwa watu waliokosa nafasi.

Jambo la mwisho la kuangalia kwenye mkataba ni faili la majina linabaki kwa nani. Likae kwa muuguzi wa kazini, lenye nywila, mbali na faili za nidhamu. Msimamizi wa zamu anahitaji jibu moja tu: huyu aingie wodi hii leo, au apangiwe kwingine.