Buti za “Steve McQueen”: mtindo safi, duka sirudi tena

Soli ya kiatu cha kulia imebanduka kutoka vidoleni hadi katikati ya wayo, na muuzaji ananiambia kosa ni langu, eti nimetembea navyo sana. Nimetembea na viatu! Sasa nilitakiwa nivifanyie nini?

Ni zile buti fupi za swedi ya kahawia, ile ngozi laini yenye manyoya mafupi, za kufunga kamba, soli ya krepu. Nilizinunua kwenye duka moja la mjini hapa Nairobi, kabla mvua hazijaanza. Ukutani wametundika picha kubwa ya Steve McQueen, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani, na bei wanayotoza ni ya picha ile. Nakubali, ndiyo iliyonivuta. McQueen nimempenda miaka mingi. Katika filamu ya Bullitt ya 1968 yeye ni afande wa upelelezi San Francisco, mtu ambaye ungetegemea kumwona na viatu vyeusi vinavyong’aa. Amevaa koti la twidi, sweta ya shingo ndefu na buti za swedi, basi. Hakuna alichojilazimisha. Wanaume wengi wanaovaa swedi na koti leo wanamfuata yeye, hata wasiomjua jina.

Na kiatu chenyewe ni cha kazi. Nathan Clark, Mwingereza wa kampuni ya viatu ya Clarks, alikiona Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, miguuni mwa maafisa waliokuwa wameshonewa sokoni Cairo. Cha kwake kikaingia sokoni 1950. Kiatu cha watu wa jangwani! Ndiyo maana maneno ya yule kijana muuzaji yaliniuma. Hakunyanyua hata macho kwenye simu: “Bosi, hivi ni vya mtindo. Vya kutembea kanunue gambuti.” Mbele ya wateja wengine. Nikatoa risiti, akaisukuma kando kwa kidole. Nikamuuliza meneja yuko wapi, akasema ametoka. Kila nikirudi, ametoka.

Nikampelekea fundi wangu. Akakifungua, akanionyesha: gundi imepakwa juu ya vumbi, na hakuna uzi hata mmoja. Akasugua, akapaka upya, akashona pembeni kuzunguka wayo wote.

Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa na nyota zangu, kwa sababu tangu vishonwe sitaki kuvivua. Krepu ni raba asilia, laini, unakanyaga lami husikii. Inashika uchafu na imeshakuwa nyeusi pembeni, lakini hilo ni la krepu yoyote, siwalaumu. Swedi imelegea vizuri. Kazini wameniuliza nimevipata wapi na nimekataa kusema. Nilikuwa tayari kuandika nyota nne.

Halafu namkumbuka yule kijana na kile kidole chake. Hapana. Hela ya fundi nimelipa mimi, na uzuri ninaousifu ni wa fundi na wa McQueen, duka halina lake hapo. Ukiupenda mtindo huu, katafute Safari Boots za Bata zinazotengenezwa Limuru, ni za ukoo huo huo. Ukienda penye picha, geuza kiatu kwanza, utafute uzi pembeni mwa soli kabla ya kutoa pesa.

Nyota moja. Meneja akinipigia simu na kunirudishia hela ya fundi, nitaibadilisha.