Fundi wa stima kwa nyumba ya zamani Buruburu: uzoefu wangu

Kama unakaa kwenye zile mezoneti za Buruburu, Nairobi, za miaka ya 1970, huenda fumbo hili likakukuta. Tuliondoa boksi la fyuzi za kizamani, zile za kufunga kiwaya kwa mkono, tukaweka la breka, kila orofa na RCD yake, ile kinga ya stima inayovuja. Tangu siku hiyo, ukiwasha taa ya ngazi, nyumba nzima giza. Aliyelifunga akasema, "Mama, tutoe tu hizo RCD, ndizo zinakusumbua." Nikakataa katakata. Kinga inayokata stima ikivuja miliampia 30 utaitoaje kwa ajili ya balbu moja?

Nikaita mwingine. Alichelewa, na simu hakupiga. Nilipomwomba leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aliitoa bila kununa, nami hasira zikapungua.

Alianzia swichi ya sebuleni, taa ikiwa inawaka. Testa ikaonyesha stima kwenye waya mweusi, na kwa rangi za zamani, kabla ya zile mpya za kahawia na buluu, mweusi ni nyutro, waya wa kurudisha stima. Nikadhani mchawi kapatikana. Akacheka: pale kwenye swichi mweusi ndio unaopeleka laivu, yaani stima inayoingia, kwenye balbu, ila waliojenga hawakuuzungushia tepu nyekundu kuonya watu.

Kasoro ilikuwa ngazini. Taa ile ilichukua laivu ya orofa ya chini, nyutro ikarudia laini ya juu, nadhani kwa ubahili wa waya. Fyuzi haziangalii hayo. RCD hupima stima inayotoka na inayorudi, zisipolingana, inakata. Akazima breka ya juu, akaichomoa nyutro ile, akawasha swichi ya taa ya ngazi, kisha akaugusisha testa waya uliotoka kwenye taa: testa ikawaka! Yaani fundi angeweza kuzima orofa ya juu, akajiona salama, na bado arushwe na waya huo.

Alivuta nyutro mpya hadi chini kupitia paipu iliyo ukutani, akapima kila laini upya. Ufundi nilimlipa shilingi 6,500, waya nikanunua mwenyewe River Road.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu paipu ilikwama, akachimba ukuta, kisha akauacha wazi eti plasta si kazi yake. Na boksi hakuliandika breka ipi ni ya wapi, nimeandika mwenyewe kwa kalamu.