Filta ya sponji mbili, miezi minane nikizalishia Corydoras

Kama unafuga samaki wa kutazama tu hii filta unaweza kuipita, ila kama una Corydoras, wale kambare wadogo wenye sharubu wanaoshinda chini wakichimbachimba mchanga, na unataka wakuzalie nyumbani, hii ni ya kwako kabisa.

Niko Arusha, nafuga wale wa madoadoa, paleatus. Asili yao Amerika ya Kusini, wanapenda maji yaliyopoa, kwa hiyo hapa kwetu hita siwashi karibu mwaka mzima. Mwanzo nilikuwa natumia filta ya kuning'iniza nyuma ya kioo, inavuta kwa nguvu, mayai yakaanguliwa vizuri siku ya tano, vifaranga kama 40 hivi, wiki moja baadaye nahesabu naona 9. Kufungua filta nikawakuta mle ndani. Aisee iliniuma sana, maana nilikuwa naamka alfajiri kuwaangulia artemia, vile vikamba vidogo sana vya kulishia vifaranga, kwenye chupa ya maji ya chumvi ili wawale wakiwa hai.

Ndo nikaagiza hii ya sponji kutoka Kariakoo, elfu 12 bila pampu, ikaja na basi. Yenyewe haina mota, unaunga mpira wa pampu ya hewa, mapovu yakipanda yanavuta maji taratibu kupita kwenye sponji, kifaranga hata akilala juu yake hapati shida. Na kumbe ile sponji ikishakaa wiki kadhaa inaota utando wenye vijidudu, basi vifaranga wanashinda pale wanakwanguakwangua, tumbo limejaa hata kabla sijawalisha. Hilo pekee kwangu limelipa hela yote.

Sasa kuna jambo limenifurahisha zaidi. Filta nilianza kuiweka kwenye tenki la wazazi ili bakteria wazuri wanaosafisha maji waingie, masika yalipoanza nikatoa maji theluthi nikarudisha yaliyopoa zaidi kidogo, kesho yake asubuhi nakuta jike anazunguka na madume mawili nyuma yake, amebeba mayai mawili matatu kwenye mapezi ya tumbo kayakunja kama mfuko, anatafuta pa kubandika. Mengine kabandika kwenye kioo lakini mengi kayabandika kwenye kile kibomba cha filta kilichosimama, pale mapovu yanapopita! Nikainua filta nzima na mayai yake nikahamishia tenki la lita 40 lenye maji yale yale, maana ukiyaacha wazazi wenyewe wanayala. Sikubandua yai hata moja kwenye kibomba, na tenki la vifaranga likapata filta ambayo tayari ina bakteria. Yale ya kwenye kioo niliyaviringisha kwa kidole, ni magumu kuliko unavyodhani, hayapasuki ovyo.

Mapungufu yapo. Siku ya kwanza inaelea, inabidi uikamue ndani ya maji mpaka hewa yote itoke. Vile vimpira vya kunata kwenye kioo viliachia kabla mwezi haujaisha, nimeifunga kwenye jiwe kwa uzi wa nailoni. Pampu nayo inanguruma usiku, nimeiwekea kitambaa chini, na iweke juu ya usawa wa maji, vinginevyo umeme ukikatika maji yanarudi kwenye mpira mpaka kwenye pampu. Nimeshanunua na kapampu ka kuchaji kwa ajili ya giza, kwa sababu wakubwa wanaweza kupanda juu kuvuta hewa kwa mdomo lakini vifaranga siwaachii hiyo kazi. Na tafadhali sana usiioshe kwa maji ya bomba, klorini inaua bakteria wote, kamua kwenye ndoo ya maji uliyotoa tenkini, mimi nafanya kila baada ya wiki mbili.

Kundi la mwisho nilihamisha mayai 60 na kitu, yaliyoota ukungu meupe nikayatoa kila siku yasiambukize mengine, wamebaki 38 wanaogelea, sharubu zao zimenyooka vizuri. Nimeagiza filta nyingine mbili, safari hii za sponji moja moja, maana hii inakula nafasi kwenye tenki dogo.