Ngome yangu imepotea ubaoni, halafu naambiwa nikasome sheria

Programu hii niliinunua kwa sababu moja tu: inacheza Chess960, sataranji aliyoitangaza Bobby Fischer mwaka 1996, ambayo kete za mstari wa nyuma huchanganywa na mchezo unaweza kuanza kwa mipangilio 960. Sifa zake nyingine someni kwenye tangazo lao. Mimi nina habari ya ngome yangu.

Mfalme alikuwa mraba wa f1, ngome mraba wa g1 ulio jirani yake. Nikaamua kumwingiza mfalme ngomeni, yaani hatua moja inayowapanga upya mfalme na ngome kwa pamoja. Sheria iko wazi: kwa upande huo, popote walipoanzia, mfalme anaishia g1 na ngome f1, kwa hiyo hapo wanapishana tu. Nikabofya. Mfalme akakaa g1, f1 ikabaki tupu. Ngome haikuliwa wala haikusogea, imefutika! Na programu, bila haya, ikaendelea kunichapa.

Anayejua kuandika programu analiona kosa hata akiwa mbali. Mfalme anasogezwa kwanza, anaukalia mraba wa ngome na kuifuta. Ikija zamu ya kusogeza ngome, hakuna cha kusogeza. Dawa yake ni kuzinyanyua kete zote mbili kwanza, ndipo uzitue. Ni mistari michache tu. Nikamwandikia mtengenezaji, nikamwekea hatua zote za mchezo na picha ya ubao. Akajibu: "Tafadhali soma sheria za mchezo kabla ya kulalamika." Mimi ndiye wa kusoma sheria!

Naapa hawa walijaribu mpangilio namba 518 peke yake, yaani ule wa sataranji ya kawaida, ambao mfalme na ngome wanaanza mbalimbali.

Baadaye likaja toleo jipya, kimyakimya, hata pole hakuna. Ngome sasa haipotei. Nikasema basi, yaishe. Siku si nyingi, mfalme wa programu yuko c1, ngome yake b1, na malkia wangu a1, nyuma ya ngome hiyo. Ikamwingiza mfalme ngomeni upande wa kushoto: ngome ikaruka hadi d1, mfalme akabaki palepale c1, wazi kabisa mbele ya malkia wangu. Hairuhusiwi! Ninavyoona, inakagua ubao kabla ngome haijaondoka, inamkuta mfalme amekingwa, inaridhika. Nikajaribu kumla huyo mfalme, ikakataa: hatua batili. Kumbe sheria inazijua zikiwa zangu.

Nilishaandika nyota moja. Lakini tuseme kweli, katikati ya mchezo inacheza vizuri mno. Kuna siku ilitoa farasi bure, nikaicheka, na hatua chache mbele nikawa sina pa kukimbilia. Nyota tatu, basi. Hapana, nikilikumbuka lile jibu, mbili zinatosha: moja ya uchezaji, moja ya kurudisha ngome yangu. Hili la c1 nimeshawaandikia. Nikiambiwa tena nikasome sheria, naziondoa zote mbili.